Pawa saplai ya taa za LED za nje: maswali tunayoulizwa Mbeya na Iringa

Mteja mwenye malalamiko ya taa za nje huja na taa. Amezikunja kwenye gazeti, anaziweka juu ya kaunta na kusema zimekufa. Tukizichomeka kwenye pawa saplai ya hapa dukani, zinawaka vizuri tu. Kilichokufa kimebaki nyumbani, kimening'inia chini ya paa: kile kiboksi alichokinunua mwanzo kabisa, au alichopewa kama nyongeza, kabla hajajua atafunga mita ngapi, mbali kiasi gani, na kiboksi chenyewe kitakaa wapi. Kwa maoni yetu kiboksi hicho hununuliwa mwisho. Maswali yafuatayo tumeyajibu kwa mtazamo huo.

Kwani hizi taa zinahitaji kiboksi cha nini?

TANESCO inakuletea volti 230 za mkondo geu, AC. Taa za mkanda, taa ndogo za bustani na nyingi za kumulika ukuta zinataka volti 12 au 24 za mkondo mnyoofu, DC. Kiboksi kinashusha na kunyoosha. Wengine hukiita transfoma, wengine adapta, wengine drava. Hapa tutakiita pawa saplai, ila ukija dukani ita utakavyo, tutaelewana.

Nichukue ya volti 12 au 24?

Fuata taa. Mkanda ulioandikwa 12V unapewa 12, ulioandikwa 24V unapewa 24. Mkanda wa 24 kwenye 12 hauwaki, au unamemeta kidogo sana. Wa 12 kwenye 24 unawaka kama jua kwa muda mfupi, halafu unanukia.

Kama hujanunua taa bado na kazi yenyewe ni ya nje, chukua 24. Sababu iko kwenye swali la taa kufifia, hapo chini.

Nitajuaje nahitaji wati ngapi?

Soma lebo ya roli. Taa za mkanda huuzwa kwa roli la mita 5, na wati huandikwa kwa mita moja. Mkanda wenye vitaa vidogo 60 kwa mita hula wati 4.8 kila mita. Ule wenye vitaa vikubwa vya 5050, yaani vya milimita 5 kwa 5, navyo 60 kwa mita, hula wati 14.4. Ukiwa dukani na haraka zako unaiona mikanda hiyo kama ndugu, lakini roli la kwanza linakula wati 24 na la pili wati 72.

Ukishapata jumla, igawe kwa 0.8. Wati 72 zinakuwa 90, na kwa kuwa hakuna kiboksi cha 90 cha kawaida, unachukua cha 100. Wateja hubisha hapa: mbona kimeandikwa 80, na 80 si inatosha? Inatosha kama lori la tani 10 linavyotosha kupandisha tani 10 kamili mlima Kitonga. Litafika. Lifanyishe hivyo kila siku uone injini. Ndani ya pawa saplai kuna vikopo vidogo viitwavyo kapasita, vyenye maji ya kemikali ambayo hukauka kwa joto. Mafundi wa elektroniki wana kanuni yao kwamba joto likipanda nyuzi 10, maisha ya vikopo hivyo hupungua karibu nusu. Kiboksi kinachobeba mzigo wake wote usiku kucha kinakausha vikopo vyake.

Upande wa pili nao una makosa. Kuna mtu alifunga kiboksi cha wati 400 kwa roli moja la wati 24, "ili kisichoke". Hakikuchoka kweli. Lakini waya mwembamba ukigusana mahali, kiboksi hicho kina nguvu za kuuchemsha hadi uyeyuke kabla hakijajizima chenyewe. Ukubwa wa kupitiliza unahitaji fyuzi upande wa taa, na wachache huiweka.

Ampea nyingi haziwezi kuunguza taa?

Hapana. Taa huvuta ampea inazozihitaji. Kiboksi cha 12V chenye ampea 10 kikibeba mkanda wa ampea 2, mkanda utavuta 2 na zilizobaki zitakaa. Kinachounguza taa ni volti zikizidi.

Ukiwa na lebo mkononi, zidisha volti kwa ampea; unatakiwa kupata wati. Tumeshika viboksi vilivyoandikwa 12V, 10A, 200W. Kumi na mbili mara kumi ni mia na ishirini. Kiboksi kinachodanganya kwenye hesabu ya darasa la tatu, ndani yake usitarajie ukweli.

Nina adapta ya kisimbuzi cha zamani, ya volti 12. Si itafaa?

Kwa majaribio mezani, ndiyo. Nyingi zake ni za ampea 1.5 au 2, yaani wati 18 hadi 24, kwa hiyo zinabeba mita mbili tatu za mkanda mwembamba. Nje hazifai, kwa sababu zimetengenezwa kukaa sebuleni. Chaja ya laptopu ndiyo kabisa: nyingi hutoa volti 19 hivi.

Kwa nini taa za mwanzo zinawaka vizuri na za mwisho zimefifia?

Hili ndilo swali tunalolijibu mara nyingi kuliko yote, na mara nyingi tunalijibia kwenye ua wa mtu.

Mama mmoja wa Uyole alifungiwa mkanda juu ya geti: mita 5, volti 12, wati 72. Pawa saplai ilikuwa ndani ya nyumba, sehemu kavu, imefungwa vizuri. Kutoka hapo hadi getini ni mita 15 za waya wa 1.5, yaani milimita za mraba 1.5. Taa ziliwaka rangi ya chai. Fundi wa kwanza akabadilisha roli. Rangi ya chai. Akabadilisha pawa saplai, akaweka ya wati 200. Rangi ya chai ileile. Mama akatuambia, "Wanangu, mimi nimeshanunua geti mara tatu."

Tukapima kwa mita ya kupimia volti. Kwenye pawa saplai: volti 12. Getini, taa zikiwa zimewaka: kama volti 10. Hizo mbili zimeliwa na waya. Kila waya una ukinzani wake, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 15 za umbali ni mita 30 za shaba. Hesabu tunayoitumia ni hii: zidisha mita za umbali kwa ampea, zidisha kwa 0.036, kisha gawa kwa unene wa waya kwa milimita za mraba. Kwa mama: 15 mara 6 mara 0.036, gawanya kwa 1.5. Unapata volti 2.16. Kati ya 12, hiyo ni asilimia 18 iliyopotea njiani. Ukiweka waya wa 2.5, zinapotea 1.3. Bado ni nyingi, maana sisi hatupendi kuvuka asilimia 5.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa mkanda wa volti 24 wenye wati zilezile 72. Ampea zinashuka kutoka 6 hadi 3, kwa hiyo volti zinazopotea ni 1.08, na zinapotea kutoka 24, si kutoka 12. Asilimia 4.5. Waya uleule, geti lilelile, upotevu umeshuka mara nne. Ndiyo maana tunasema nje chukua 24.

Mama wa Uyole hakutaka kununua roli la nne, na haki yake. Tukaisogeza pawa saplai. Tulichukua ya kuzuia maji, tukaifunga kwenye nguzo ya geti, chini ya kofia ya zege, na volti 230 ndizo zikasafiri zile mita 15. Kwa volti 230 mzigo huo haufiki hata nusu ampea, na waya hauna cha kula.

Nimefunga mita 10 mfululizo, nazo mwisho zinafifia. Waya ni mfupi!

Waya wa kuja ni mfupi, lakini mkanda wenyewe una njia nyembamba ya shaba ndani yake, nyembamba kuliko waya wowote utakaonunua. Usiunganishe roli la pili kwenye mkia wa la kwanza. Leta waya mpya kutoka pawa saplai hadi mwanzo wa roli la pili, au lisha mkanda kutoka pande zote mbili. Kazi inaongezeka kidogo, tofauti inaonekana ukiwa barabarani.

Na chunguza waya. Siku hizi kuna waya mwekundu na mweusi mzuri sana kwa macho, mwepesi mkononi, wa aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwaruza unyuzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hesabu ya juu haikuhusu tena: upotevu utazidi kwa kama nusu nyingine.

IP65, IP67, IP20: nichague ipi?

IP ni kiwango cha kinga: namba ya kwanza inahusu vumbi, ya pili maji. IP20 haina kinga yoyote ya maji. IP65 inastahimili maji ya kurushwa kama ya mpira wa bustani. IP67 inastahimili kuzama kwa muda, kipimo kikiwa mita 1 kwa dakika 30. Kwa nje huku kwetu tunauza IP67 na hatubishani. Mvua za nyanda za juu zinaanza karibu Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei, na zikianza hazina haraka ya kuondoka.

Najua watu wanavyofikiri kuhusu ile pawa saplai ya chuma yenye matundu, kwa sababu na mimi nilifikiri hivyo. Ni nafuu, ina ampea nyingi, na ukiifunika maji yataingilia wapi? Kazi yangu ya kwanza ya nje ilikuwa baraza la nyumba ya wageni Tukuyu, mahali panapopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Niliweka pawa saplai ya matundu chini ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, nikatoboa tundu la waya, nikapaka silikoni, nikajiona mjanja. Haikumaliza msimu. Nilipoivua ile ndoo, juu palikuwa pakavu kabisa, mvua haikuingia. Kilichoingia ni ukungu. Usiku unageuka matone kwenye chuma baridi, kisha matone yanadondoka kwenye bodi. Miguu ya kapasita ilikuwa na kutu ya kijani, sisimizi walikuwa wamejenga pembeni, na kati ya koili na fyuzi alikuwa amekauka mjusi mmoja, mguu mmoja huku na mwingine kule. Sijui kama ni ukungu au ni yeye aliyemaliza kazi. Kapasita, fyuzi na safari ya Tukuyu nilivilipa mimi.

Ile ya IP67 imejazwa gundi ngumu ndani ya ganda la aluminiamu. Mjusi hana pa kuingia.

Nilinunua IP67 na bado imeingia maji. Mmeniuzia feki?

Inawezekana, feki zipo. Ila kwanza tazama maungio. Kiboksi ni cha kuzuia maji. Maungio uliyofunga kwa tepu nyeusi siyo. Maji yanaingia kwenye ungio, yananyonywa na nyuzi za shaba ndani ya ganda la waya kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, na yanatembea hadi kwenye kiboksi au kwenye taa. Kata waya sentimita 20 kutoka kwenye ungio na umenye. Shaba ikiwa nyeusi au ya kijani, umepata jibu.

Lehemu ungio, livalishe mpira wa kubana kwa joto wenye gundi ndani, kisha liweke kwenye kiboksi cha maungio chenye glendi, yaani kibano kinachobana waya pale unapoingia. Waya uingie kutoka chini, na kabla ya kuingia uning'inie kidogo kama tumbo, ili tone la maji lishuke hadi kwenye tumbo na kudondoka badala ya kufuata waya hadi ndani.

Niifunge wapi hasa?

Chini ya paa, ukutani, isimame wima ikiwezekana, nyaya zikitazama chini, na pawe na nafasi ya kiganja kila upande ili joto litoke. Usiilaze juu ya dari iliyofunikwa kwa sufi. Usiizike. Hata IP67 usiizike. Ule ni uwezo wa kuzama kwa bahati mbaya, na udongo hauipozi. Usiifunge moja kwa moja kwenye bati linalopigwa na jua la mchana.

Pembeni ina swichi ndogo nyekundu, 115 na 230. Ni ya nini?

Hiyo ndiyo swichi ya kutazama kabla ya kitu kingine chochote. Pawa saplai nyingi za matundu zinatengenezwa kwa ajili ya nchi zote, nchi za volti 115 na sisi wa 230. Swichi iko ndani kidogo, unaisogeza kwa bisibisi nyembamba. Ikiwa imekaa 115 na ukaichomeka kwenye umeme wetu, italipuka. Nilishawahi kuwa upande wa pili wa meza wakati inalipuka: mlio kama wa baruti ya Mwaka Mpya, halafu vipande vya karatasi ya kapasita vikishuka polepole kama vile kuna sherehe. Kama lebo inasema 100–240V bila swichi, huna cha kusogeza, na hiyo inastahimili vizuri hata jioni zile volti zinaposhuka mtaani.

Nina transfoma ya taa za halojeni, nayo ni volti 12. Vipi?

Acha. Nyingi zinatoa AC, alama yake ni ~ pembeni ya 12V, wakati mkanda wa LED unataka DC. Zile za elektroniki zinataka pia mzigo mkubwa ndipo zitulie. LED ni nyepesi, kwa hiyo taa zinacheza cheza.

Drava yangu haina volti 12, imeandikwa 300mA na volti 30–40. Hii nayo?

Hiyo ni drava ya mkondo thabiti. Inatumika na taa kama zile za duara za darini au baadhi ya mataa ya kumulika, ambako drava ndiyo inayopanga ampea na kuziacha volti zielee. Badilisha kwa yenye mA zilezile, na volti za taa ziangukie ndani ya kiwango chake. Kwa mkanda haifai.

Radi zikipiga mtaani, pawa saplai zinakufa. Kuna kinga?

Kwa radi iliyokuangukia wewe mwenyewe, hakuna cha dukani. Kwa ile iliyopiga nguzo ya mbali, na kwa umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, ipo: kifaa cha kupunguza mawimbi ya umeme kinachofungwa kwenye bodi kuu ya nyumba. Hakifanyi kazi bila athi nzuri. Kifaa hicho kazi yake ni kuyatupa mawimbi ardhini. Kama fimbo yako ya athi imechomekwa nusu kwenye mawe, au waya wake ulishakatwa na jembe, kitayatupa wapi? Wenye nyumba za vilimani huku wana mawe mengi kuliko udongo, kwa hiyo athi ipimwe, isikadiriwe kwa macho.

Taa za nje ziwekee breka yake peke yake, na kinga ya kuvuja kwa umeme ya miliampea 30. Wingu likija juu ya mlima Loleza, unazima breka moja na kuendelea kunywa chai.

Baridi ya huku haiziathiri?

Juni na Julai wateja wa Njombe na Makete huuliza sana hili. Baridi yenyewe ni rafiki: pawa saplai nyingi za nje zimeandikwa kuanzia nyuzi 20 chini ya sifuri, na LED hupenda ubaridi. Kinachostahili kutazamwa ni mwinuko. Viboksi vingi vimepimwa kwa matumizi hadi mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi, kwa hiyo halina shida. Uwanda wa Kitulo uko kwenye 2,600. Huko hewa ni nyepesi, haipozi vizuri, hivyo ongeza nafasi: gawa jumla ya wati kwa 0.7 badala ya 0.8.

Wa Kyela wao tatizo lao ni joto. Nao wagawe kwa 0.7, na kiboksi kikae kivulini.

Taa zinawaka na kuzima kila sekunde, kama indiketa.

Mzigo umezidi, au kuna mahali nyaya zinagusana. Pawa saplai inajizima kujilinda, inajaribu tena, inajizima. Ondoa roli moja. Zikitulia, ulizidisha. Zisipotulia, tafuta pale ulipokata mkanda kwa mkasi. Mara nyingi unyuzi mmoja wa shaba umelala upande wa pili.

Taa zikimemeta kidogo hata baada ya kuzima, swichi imekata waya wa nyutro badala ya waya wa moto. Hilo ni la kurekebisha leo, maana kiboksi kinabaki na umeme muda wote.

Nikiunganisha pawa saplai mbili za wati 100, nitapata 200?

Utapata moja inayobeba na nyingine inayotazama, halafu ya kwanza ikichoka zinabadilishana msiba. Gawa taa: hizi na kiboksi hiki, zile na kile.

Ukiwa na viboksi vingi kwenye breka moja, jua kwamba kila kimoja huvuta umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua kinapowashwa. Vitano au sita vikiamka pamoja, breka inaweza kuruka ingawa jumla ya wati ni ndogo. Vigawe.

Naweza kupunguza mwanga? Na zijiwashe zenyewe jioni?

Dima ya ukutani ya kawaida haipatani na pawa saplai ya kawaida. Weka dima ya DC kati ya pawa saplai na taa, ya ampea zinazotosha. Kujiwasha jioni ni kazi ya swichi ya mwanga, nayo ifungwe upande wa 230, isitazamane na taa zenyewe. Ikitazamana nazo, zitawaka, swichi itadhani kumekucha, itazima, na majirani watadhani unafanya disko.

LUKU yangu itaumia kiasi gani?

Roli la wati 72, ukijumlisha kinachopotea ndani ya pawa saplai, linavuta kama wati 82. Kwa saa 6 kila usiku ni nusu uniti, yaani kama uniti 15 kwa mwezi. Si nyingi, isipokuwa uko kwenye D1, ule mpango wa wenye matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Kama leo unatumia 65, roli moja la getini linakuvusha mstari, na bei ya uniti hapo hairuki kidogo. Mkanda wa wati 4.8 kwa mita unatosha kuonyesha njia. Ule wa 14.4 ni wa kuonyesha nyumba.

Kijijini hatuna umeme, tuna sola na betri ya volti 12. Nifunge mkanda wa 12V moja kwa moja?

Watu hufanya hivyo na taa zinawaka, ndiyo maana ushauri huu hausikilizwi. Betri ya asidi "ya volti 12" ikiwa imejaa na imetulia ina kama 12.7. Ikiwa inachajiwa inafika 14.4. Vitaa vya mkanda kwa 14.4 vinavuta umeme mwingi kuliko vilivyopangiwa, vinachemka, na baada ya miezi kadhaa vinaanza kufa vitatu vitatu, maana ndivyo vilivyopangwa ndani ya mkanda wa 12. Weka kirekebisha volti cha DC kinachopokea kuanzia kama 10 hadi 16 na kutoa 12 tulivu. Na fyuzi, karibu kabisa na betri. Betri haina breka ya kujizima: waya ukigusana, moto unaanzia hapohapo.

Naweza kufunga mwenyewe?

Upande wa volti 12 au 24, kama mkono wako umetulia, ndiyo. Hautakuua ukiugusa, ingawa ungio bovu linaweza kuunguza paa. Upande wa 230, nje, kwenye ua unaolowa, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Na karibu na bwawa au chemchemi ya maji usiguse kabisa.

Imekufa. Inatengenezeka?

Ile ya IP67 hapana. Gundi ikishaganda, kuifungua ni kuivunja.

Ya matundu mara nyingi ndiyo. Kapasita za upande wa taa zikiwa zimevimba kichwani kama mkebe wa maziwa ulioharibika, zinabadilishwa na gharama yake ni ndogo. Lakini usiifungue kwa sababu tu umeichomoa. Ndani kuna kapasita kubwa moja au mbili za upande wa 230, na hizo zinaweza kushikilia hadi volti 325 za DC kwa dakika kadhaa baada ya kuchomoa. Mzunguko wa kuzimaliza ukiwa umekatika, ni muda mrefu zaidi ya hapo. Ipime kwa mita kwanza.